Mkono wa Kushoto Upumzike

Mpiga kodiani akisimama peke yake kando ya barabara huwa amebeba bendi nzima kifuani. Mkono wa kulia unapiga wimbo, wa kushoto unapiga besi na kodi, na mvukuto ulio katikati unatoa pumzi ambayo mpiga tarumbeta angeitoa mapafuni mwake. Hahitaji umeme wala kiti, wala mtu wa kumshikia mdundo. Ndiyo sababu chombo hiki kimekuwa mwenzi wa mabaharia, wahamiaji, askari walioacha jeshi, na kila aliyeshuka jana kwenye mji asikomjua mtu.

Taabu yake inaanzia hapo hapo. Mtu asiyehitaji bendi hakaribishwi kirahisi kwenye bendi. Wenyeji wenye fidla na gitaa wakimwona anakuja na mzigo wake wanajua kinachofuata: atapiga kwa sauti kubwa, atajaza kila upenyo, na wao watabaki wapambe kwenye baraza yao wenyewe. Katika sura hii nataka kuwaangalia wapiga kodiani waliovuka kizingiti hicho, kuanzia Paris hadi Rio de Janeiro na kurudi kwetu Unguja, na jambo moja ambalo kwa maoni yangu limewasaidia kuliko kipaji: kujua lini mkono wa kushoto upumzike.

Cyrill Demian, fundi wa ogani na vinanda mjini Vienna, alisajili uvumbuzi wake, kodiani, tarehe 23 Mei 1829. Kilikuwa kisanduku kidogo, cha kubebwa na msafiri bila shida. Cha ajabu ni kwamba kila kibonye chake kilitoa kodi nzima, noti kadhaa kwa mpigo mmoja, wala si noti moja moja za kujengea wimbo. Yaani kodiani ilizaliwa iwe chombo cha kumsindikiza mtu mwingine anayeimba. Ubinafsi iliupata ukubwani, mafundi wa Ujerumani na Italia walipoiongezea vibonye vya wimbo upande wa kulia na kuzidi kuinenepesha upande wa kushoto.

Kodiani kubwa ya leo ina vibonye 120 upande huo wa kushoto, safu 6 zenye vibonye 20 kila moja, na ina uzito wa kilo 10 au zaidi. Mpigaji haoni hata kibonye kimoja kati ya hivyo. Mkono wake umepita chini ya mkanda, kiganja kimebanwa ubavuni mwa sanduku, na vidole vinapapasa gizani. Ili asipotee, watengenezaji huchimba kishimo kidogo juu ya kibonye cha C. Kidole kikishakigusa, ramani yote iliyobaki iko kichwani: besi za G na za F ziko jirani pande zote mbili, kodi kamili iko kwenye safu inayofuata, na kodi ya huzuni safu moja mbele yake. Ndani ya wiki chache mwanafunzi anaweza kupiga besi moja na kodi mbili, besi moja na kodi mbili, na valsi ikatembea yenyewe. Ni raha kubwa, na raha hiyo hulevya. Mtu akishaizoea anauona wimbo wowote usio na besi yake kuwa haujavaa nguo.

Barabara nayo humwongezea ulevi huo. Mpita njia hasimami kusikiliza utangulizi. Wimbo uanze na kile anachokijua, uanze kwa nguvu, na uishe kabla hajachoka. Palipo na magari sauti lazima ipenye, na kodiani imetengenezewa dawa ya hilo. Ndani yake kila noti ina ndimi za chuma mbili au tatu zinazotetemeka pamoja, na fundi huzirekebisha kwa makusudi zisilingane kabisa. Mmoja unawekwa juu ya mwenzake kwa kiasi kidogo tu. Tofauti hiyo huleta mawimbi, sauti ikawa kama inatetemeka kwa baridi. Ndiyo sauti ambayo watu wakiisikia kwenye filamu hujua mara moja kwamba tumefika Paris. Uwanjani inasafiri mbali na inapendeza. Ikikaa mita moja kutoka kwa fidla ni kero tupu, maana mpiga fidla hajui aifuate noti ya ulimi upi.

Kwa hiyo barabara inamfundisha mpigaji mambo matatu, kupiga kwa nguvu, kujaza nafasi yote na kutomngoja mtu, na siku akitaka kukaa na wenzake lazima ayasahau yote matatu.

Paris ndiyo mahali ambapo kisa hiki kimeandikwa kwa urefu zaidi, na mtaa wenyewe bado upo. Rue de Lappe ni kichochoro karibu na uwanja wa Bastille. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaa huo ulikuwa wa watu wa Auvergne, mkoa wa milima katikati ya Ufaransa, ambao walihamia mjini kutafuta riziki. Walianza na uchukuzi wa maji, wakipandisha ndoo ghorofani kwa wenye nazo. Mabomba yalipowanyang'anya kazi wakauza mkaa, na kando ya mkaa wakauza mvinyo, duka moja kwa biashara zote mbili. Siku za mapumziko meza zilisogezwa ukutani na watu wakacheza bourrée, ngoma ya kwao.

Aliyewachezesha alikuwa mpiga cabrette. Hii ni zumari ya mfuko, na mfuko wenyewe ni ngozi ya mwanambuzi. Mpigaji haipulizi kwa mdomo. Anasukuma hewa kwa mvukuto mdogo uliofungwa mkononi, chini ya kiwiko, huku akigonga mguu wenye njuga kifundoni ili mdundo usipotee. Bingwa wao aliitwa Antoine Bouscatel, mzaliwa wa Cantal, na ukumbi wake wa dansi ulikuwa hapo hapo Rue de Lappe.

Wahamiaji wengine, Waitalia, walikuja na kodiani. Walikuwa masikini vilevile, wakigombania vibarua na vyumba vile vile vya kupanga, na walikuwa na chombo kinachopiga kila aina ya muziki: valsi, polka, mazurka. Watu wa Auvergne hawakufurahi. Kulikuwa na ugomvi, na wapo waliotaka kodiani isisikike kabisa kwenye kumbi zao. Siwalaumu sana. Mtu aliyeacha milima yake na kubaki na zumari tu atailinda zumari hiyo kwa ngumi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Charles Péguri, mtoto wa ukoo wa Kiitalia wa mafundi na wapigaji wa kodiani, alianza kupiga pamoja na Bouscatel. Kukutana kwao kunasimuliwa kwa namna nyingi, na kila msimulizi ana yake. Linalonivutia ni kazi yenyewe waliyoifanya jukwaani. Zumari ya mfuko haiwezi kupiga kwa sauti ndogo. Mfuko ukishajaa, sauti ni ile ile mpaka mwisho. Haiwezi pia kuhama ufunguo katikati ya wimbo kwa sababu mwenzake kaomba. Kwa maneno mengine, kati ya wawili hao mmoja tu ndiye aliyeweza kukunjika, na huyo ni mpiga kodiani. Ilibidi Péguri ajifunze bourrée kutoka kwa mwenye bourrée, aifuate kwenye ufunguo wake, na asimame nyuma ya sauti isiyoweza kumpisha. Baadaye Péguri alimwoa binti ya Bouscatel. Waliokuwa wakigombania ukumbi wakawa mkwe na mkwewe.

Hadithi nyingi za namna hii huishia hapo, kwenye harusi. Yaliyofuata hayana utamu huo. Ndani ya kizazi kimoja zumari ilitoweka kwenye kumbi za Paris. Wachezaji walitaka valsi na java, ambazo kodiani ilizipiga vizuri zaidi. Émile Vacher, aliyezaliwa 1883, akawa bingwa mpya wa kumbi hizo. Kumbi zenyewe ziliendelea kuitwa bal musette, jina linalotokana na zumari, wakati mwenye jina alishaondoka. Mgeni alikaribishwa, akala, akakaa, na mwenyeji akahama. Anayetaka kuandika juu ya kukutana kwa wanamuziki bila kulisema hili anawadanganya wasomaji.

Kisha zamu ya mpiga kodiani ya kupokea wageni nayo ikafika. Nje ya milango ya Paris, kwenye ukanda wa vibanda uliozunguka mji, walipiga kambi Wamanouche, watu wa jamii ya Waroma, na magari yao ya kukokotwa na farasi. Vijana wao walipiga banjo. Kumbi za bal musette ziliwaajiri kumsindikiza mpiga kodiani, na hapo likatokea jambo dogo ambalo wapenzi wa muziki huu hawalitaji vya kutosha. Banjo ikishashika besi na kodi, mkono wa kushoto wa mpiga kodiani unakosa kazi. Anaweza kuuacha usukume na kuvuta mvukuto tu. Na mvukuto ukipata mkono usioshughulika na jambo jingine unakuwa mwepesi: noti inaweza kuanza kwa mnong'ono, ikavimba, ikakatwa ghafla. Mkono wa kulia nao unakimbia, kwa sababu haufungwi tena na mwendo wa besi moja na kodi mbili.

Mmoja wa vijana hao wa banjo alikuwa Django Reinhardt. Alianza akiwa mtoto wa miaka kumi na kitu, akiwasindikiza wapiga kodiani kwenye kumbi hizo, na alipoingia studio mara ya kwanza mwaka 1928 alikuwa akipiga banjo nyuma ya kodiani. Mwaka huo huo gari lao liliungua na vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vikalemaa. Gitaa alilolipiga baadaye kwa vidole vilivyobaki limeandikwa sana. Lakini masikio yaliyolipiga gitaa hilo yalifundwa na kodiani, na kodiani nayo ilipata faida yake: wapigaji kama Gus Viseur, aliyezaliwa Ubelgiji, na Tony Murena, aliyezaliwa Italia, walichota mwendo wa jazi kutoka kwa wapiga gitaa wa Kimanouche, wakaipiga valsi kwa wepesi ambao kizazi cha Vacher hakikuujua.

Malipo kwenye kumbi hizo yalikuwa na utaratibu wake. Mchezaji hakulipia mlangoni tu. Alilipia kila dansi. Katikati ya wimbo muziki ulisimama, mwenye ukumbi akapita kati ya watu akikusanya vipande vya chuma walivyonunua kaunta, kisha wimbo ukaendelea kutoka pale ulipokatwa. Mpigaji aliyetoka barabarani hilo halikumshangaza. Alizoea kofia, na ukumbi ulikuwa kofia yenye paa. Siku hizi anayetaka kupiga kodiani kwenye njia za chini za metro ya Paris hupitia usaili wa shirika la usafiri, utaratibu ulioanza 1997, na akifaulu hupewa kibali cha kupiga kwenye korido. Ndani ya mabehewa hairuhusiwi, na ndani ya mabehewa ndiko utakakowasikia wengi wasio na kibali, wakicheza vituo viwili na kushuka.

Rio de Janeiro ina kisa kinachokwenda kinyume. Luiz Gonzaga alizaliwa tarehe 13 Desemba 1912 Exu, huko Pernambuco, kwenye nchi kavu ya kaskazini-mashariki ya Brazili. Baba yake, Januário, alipiga kodiani ndogo yenye besi 8 tu kwenye dansi za wakulima, na alikuwa fundi wa kuzitengeneza zikiharibika. Mtoto aliingia jeshini mwaka 1930. Alipotoka, mwaka 1939, alijikuta Rio, na ili aishi akaanza kupiga kodiani kwenye baa na mitaa ya Mangue, eneo la makahaba na mabaharia, akipitisha kisahani.

Alipiga nini? Kila kitu isipokuwa cha kwao. Alipiga tango, valsi, fado ya Wareno, na muziki wa Kimarekani uliokuwa ukivuma. Alifanya hesabu ambayo kila mpigaji wa barabarani huifanya: mpe mpita njia kile anachokitambua. Hesabu hiyo haina kosa, na kwa siku moja inalipa. Tatizo ni kwamba mtaa mzima umepiga hesabu hiyo hiyo, na mpiga tango wa kumi mtaani hana cha kumtofautisha na wa tisa.

Waliomtoa hapo walikuwa wanafunzi kutoka Ceará, jirani na kwao. Walimtambua kwa lafudhi. Wakamwambia, kwa namna ndugu wanavyoambiana ukweli, kwamba kama yeye ni mtu wa kaskazini-mashariki basi awapigie cha kaskazini-mashariki. Ilimbidi aende nyumbani kukifanyia mazoezi, maana kilikuwa kimelala kwa miaka. Alipokirudisha mtaani, mwenyewe alisimulia, kisahani kilijaa haraka kuliko alivyozoea. Vipande hivyo vya kwao, kimojawapo kikiitwa Vira e Mexe, ndivyo alivyovipeleka kwenye kipindi cha redio cha Ary Barroso, kilichokuwa maarufu kwa kuwazomea wanaojaribu bahati. Alipata alama za juu kabisa. Mwaka 1941 alirekodi santuri zake za kwanza.

Wengi husimulia kisa hiki kama fundisho la mtu kurudi kwenye asili yake. Mimi nakisoma kwa jicho la mpigaji. Rio ilikuwa imejaa watu wa kaskazini-mashariki waliokimbia ukame, wajenzi, walinzi na wasaidizi wa majumbani. Wenyeji ambao Gonzaga aliwahitaji walikuwa wageni kama yeye, na hakuwa amewaona kwa sababu alikuwa akimtazama mpita njia. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi wanaofika mji mgeni na chombo mgongoni: wanatafuta wanamuziki wenyeji kwenye majukwaa, wakati wapo nyuma ya kaunta wanawauzia chai.

Gonzaga alifanya la pili, lililo kubwa zaidi kwa mada yetu. Alikuwa na kodiani ya besi 120, na angeweza kuendelea kuwa bendi ya mtu mmoja. Badala yake akajiwekea wawili pembeni: zabumba, ngoma kubwa inayopigwa pande mbili, na pembetatu ya chuma. Ngoma ilichukua mdundo mzito, pembetatu ikachukua mdundo mwepesi, na kodiani ikabaki na kazi ya kuimba na kuitikia. Utatu huo ndio uliobeba mitindo ya baião na forró mpaka leo, na Asa Branca, aliyoiandika na Humberto Teixeira na kurekodi 1947, inajulikana na Wabrazili karibu wote. Nadhani kuna alama ya baba hapo. Mwaka 1950 Gonzaga alitoa wimbo Respeita Januário, unaosimulia alivyorudi kijijini akitamba na besi zake 120, na wazee wakamkumbusha kwamba kwa besi 8 tu baba yake bado ndiye mkubwa.

Kenya ya kati nao wanajua kutosheka na vyombo vichache namna hiyo. Katika mwomboko, dansi ya Wagikuyu ya wawili wawili iliyoshika kasi miaka ya 1940 na iliyochota hatua kutoka kwenye dansi za Wazungu, kodiani husindikizwa na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma. Basi. Pete moja inatosha kukata wakati vipande, na wachezaji, wengi wao wazee, wanapiga hatua mbili na kukunja goti bila kupotea. Sijui ngoma nyingine ya Afrika Mashariki iliyofika mbali hivyo na vifaa vichache hivyo.

Sasa tuseme mpigaji ameshakubaliwa akae. Ameambiwa karibu, kavutiwa kiti. Swali la kwanza si wimbo gani. Swali la kwanza ni sauti imekaa wapi. Mpiga udi anazungusha vigingi vyake, wa fidla vivyo hivyo, wa nai anabadilisha filimbi. Mwenye kodiani hana cha kuzungusha. Sauti zake zilikatwa kiwandani, kwenye vipande vya chuma vilivyofungwa kwa misumari midogo ndani ya sanduku, na hazibadiliki mpaka fundi alifungue. Viwanda vingi huziweka juu kidogo kuliko kipimo cha kawaida cha A 440, kwenye 442. Tofauti hiyo ukiisikiliza peke yake huioni, lakini ukiweka filimbi ya 440 kando yake mabega yatakupanda. Kwa hiyo ni mgeni anayewafanya wenyeji wote wajipange upya kwa ajili yake. Ustaarabu unadai aijue hali hiyo, aitoe noti yake ya A mapema, aishikilie vizuri, na awape watu muda. Kisha azime ndimi za mawimbi na kubakisha ulimi mmoja kwa kila noti, kwa swichi iliyo juu ya vibonye. Sauti inakuwa kavu na ndogo. Fidla inapumua.

Na mkono wa kushoto? Aupumzishe mpaka aulizwe. Sababu yake si adabu peke yake. Kuna muziki ambao kodi za kodiani zinauharibu, na sisi tuna mfano mzuri mlangoni petu.

Taarab ya Unguja imejengwa juu ya wimbo mmoja unaopigwa na wote kwa pamoja, kila chombo kikiupamba kwa namna yake. Fidla zinauteleza, kanuni inaudondoa, udi unaugonga chini. Hauna sakafu ya kodi kama muziki wa kanisani au dansi. Ukipiga kodi ya C kamili chini yake umeshawaamulia wote kwamba wimbo uko mahali fulani, wakati mtunzi alitaka uelee. Zaidi ya hayo, maqam nyingi za Kiarabu, yaani ngazi za noti, zina noti zilizo katikati ya vitufe viwili. Katika maqam Rast inayoanzia C, noti ya tatu iko chini ya E na juu ya E bemoli. Kwenye kodiani ya kawaida noti hiyo haipo. Kibonye cha kodi kina E yake ya Kizungu ndani, na kitaigonga noti ya mwimbaji usoni.

Cairo walilitatua hilo kwa tupa. Fundi hufungua sanduku, akautoa ulimi wa noti inayohusika, akaukwangua. Ukikwangua karibu na ncha, ulimi unapungua uzito na sauti inapanda. Ukikwangua karibu na mzizi, unalegea na sauti inashuka. Ni kukwangua kwa kiasi kidogo mno, kisha kusikiliza, kisha kukwangua tena, maana chuma kilichoondoka hakirudi. Kwa kodiani zilizochongwa hivyo, wapigaji wa Misri wa miaka ya 1960 na 1970 waliweza kukaa kwenye okestra kubwa zilizowasindikiza waimbaji kina Umm Kulthum na Abdel Halim Hafez, wakapewa hata nafasi za kupiga peke yao. Asiye na chombo cha namna hiyo ana njia nyingine, ya bure: noti hiyo ikifika, ainue kidole na kuwaachia wenye nyuzi.

Okestra hizo za Misri ndizo zilizokuwa kioo cha vikundi vyetu. Nadi Ikhwan Safaa ya tangu 1905 na Culture Musical Club ya tangu 1958 zina kodiani kwenye safu zao, pamoja na fidla, kanuni, udi na dumbaki. Mtazame mpigaji wake siku ya onyesho, usimtazame mwimbaji. Ubeti ukiimbwa yuko kimya au anamfuata kwa mbali. Mwimbaji akivuta pumzi, yeye anaingia kwa kijipande kifupi kinachojibu mstari uliotangulia, kisha anatoka kabla mstari mwingine haujaanza. Mkono wake wa kulia ndio unaofanya kazi. Wa kushoto unafungua na kufunga mvukuto, polepole, kama mtu anayepepea moto asitake uwake sana.

Wageni wengi hufika Mji Mkongwe kujifunza hayo. Wapo wanaopitia Dhow Countries Music Academy, chuo kilichofunguliwa 2002 na kinachofundisha taarab na ngoma zetu, na wapo wanaokuja na chombo chao mgongoni wakati wa tamasha la Sauti za Busara na kutafuta wa kupiga naye. Aliyelelewa na barabara kitu kimoja kitamchanganya hapa, nacho ni pesa. Taarab nayo ina kofia yake: watu huinuka mmoja mmoja, wakaja wakicheza mwendo wa madaha mpaka mbele, wakamtunza msanii noti mkononi. Lakini tunzo inakwenda kwa mwimbaji, tena mara nyingi si kwa sauti yake bali kwa mstari uliomgusa mtoaji, au uliomchoma jirani ya mtoaji. Mpiga kodiani hata asipojibu vizuri, noti zitapita mbele ya pua yake zikienda kwa mwingine. Akijibu vizuri, zitapita nyingi zaidi.